Hardy, Tuca na Gitaa Moja

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, kodi ya keja nilikuwa nailipa kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kazi hii mtaani wengi mnaijua: unalipwa kwa ukurasa, na jina linaloenda juu si lako. Usiku mmoja nikapewa muziki wa Ufaransa wa miaka ya sitini, kurasa sita, kufikia alfajiri. Hapo ndipo nilipokutana na Françoise Hardy, na insha ikachelewa.

Mwanzo wake unafanana na wa mastaa wengi. Alizaliwa Paris Januari 1944, mji ukiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Mama alimlea, baba alionekana kwa nadra. Alipopita mtihani wa mwisho wa sekondari akapewa gitaa kama zawadi, na 1961 kampuni ya Vogue ikamsaini. Oktoba 1962, Wafaransa wakiwa mbele ya runinga wakingoja matokeo ya kura ya maoni ya Rais de Gaulle, msichana huyu akawekwa hewani kujaza muda. Akaimba "Tous les garçons et les filles". Santuri hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Vijana wa yé-yé, ndivyo walivyoitwa yeye na wenzake. Nyimbo fupi, nywele nzuri, picha kwenye majarida. Mwenyewe hakuipenda sauti ya rekodi zake za kwanza, ndiyo maana kuanzia 1964 alikuwa akivuka kwenda kurekodi London. Na jukwaa lilimtia hofu kweli kweli. Kufikia mwisho wa 1968 alikuwa ameacha kabisa matamasha. Fikiria staa wa umri wa miaka 24 akisema basi, sipandi tena.

Lakini kilichonifanya nisahau saa ni mwaka wa 1971. Hardy ana miaka 27. Ameachana na Vogue, ana kampuni yake ndogo inayoitwa Hypopotam, na angeweza kuendelea kutoa zile zile zilizomlipa. Badala yake akamtafuta Tuca.

Tuca alizaliwa São Paulo, naye pia 1944. Jina lake kamili ni Valeniza Zagni da Silva. Mwaka 1966, yeye na Airto Moreira waliimba wimbo ulioshinda moja ya yale mashindano makubwa ya muziki ya runinga za Brazili. Nchi ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964, na Desemba 1968 kamba ikakazwa zaidi: Caetano Veloso na Gilberto Gil wakatiwa ndani, halafu wakaishia uhamishoni London. Tuca alifika Paris, akawa anapiga gitaa katika mkahawa wa Kibrazili. Yaani mtu aliyeshinda kitaifa, sasa anawapigia watu wakila maharagwe.

Hardy na Tuca walifanya mazoezi kwa takriban mwezi mzima kabla ya kuingia studio, jambo ambalo Hardy hakulizoea. Kisha wakarekodi kwa namna ya kishujaa kidogo kwa mtu mwoga wa jukwaa: Hardy akiimba huku Tuca akipiga gitaa papo hapo, na Guy Pedersen kwenye besi. Violini za Raymond Donnez ziliongezwa baadaye. Sikiliza "La question" usiku, bila spika kubwa. Sauti ya Hardy iko karibu mno, unasikia pumzi. Gitaa halimfuati nyuma kama mtumishi. Linatangulia, linasita, linamngoja. Bossa nova imo, ila si ile ya ufukweni na jua. Hii ina baridi ya Paris ndani yake.

Maneno ya wimbo huo ni ya Hardy, muziki ni wa Tuca, na nyimbo nyingi za albamu hiyo ni tungo za Tuca vilevile. Jina lake limeandikwa kwa watunzi, hakuibiwa mtu. Lakini jina kubwa juu ya jalada ni moja, na mimi najua jinsi jicho linavyosoma majalada.

Haikuuzika, bana. Wafaransa walimtaka yule wa 1962. Mwaka uliofuata Hardy akahamia gitaa za folk na rock, na 1973 Michel Berger akamsaidia kurudi sokoni na "Message personnel". Leo, wapenzi wake wengi wakiulizwa albamu bora wanataja ile iliyokwama. Hardy alifariki Juni 2024, akiwa ameishi vya kutosha kuona hayo. Tuca hakuona. Alitoa albamu yake moja zaidi 1974, akafa 1978, miaka 33.

Insha niliituma saa tano asubuhi. Mteja akakata nusu ya pesa kwa kuchelewa, hilo nilistahili. Kisha akaniandikia kwamba yule mwanamke wa Brazili ametajwa mno, swali halimhusu, nimwondoe. Mathe alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo hiyo kuuliza tena kama muhula ujao narudi chuoni, na nilihitaji ile nusu iliyobaki.

Nikamwondoa. Aya zenyewe sikuzifuta kwenye kompyuta, na nyingi ndizo umezisoma hapo juu.