Mifupa ya Tendaguru na Watu Walioichimba

Mtu atokaye mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, akishika njia ya bara upande wa kaskazini-magharibi, baada ya mwendo wa kilomita 60 hivi hufikia kilima kiitwacho Tendaguru. Si kilima kirefu, na apitaye asiye na habari zake huenda asigeuze shingo kukitazama. Lakini wenye elimu ya wanyama wa kale ulimwenguni kote walijua jina lake, kwa sababu katika udongo wake yalilala mabaki ya wanyama wakubwa ajabu, ambao leo hakuna hata mmoja wao aliye hai.

Wanyama hao huitwa dinosaria. Hao wa Tendaguru waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, zamani sana kabla ya binadamu kuwako. Siku zile bahari ilikuwa karibu na mahali hapo, nayo ilipanda na kushuka. Twajua hivyo kwa kuwa matabaka ya mawe yenye makombe ya baharini hupokezana na matabaka yenye mifupa. Mnyama alipokufa penye matope, nyama yake ilioza, na mifupa ikafunikwa. Kisha maji yapitayo ardhini yalileta chembe za madini, zikaingia katika vitundu vya mfupa kidogo kidogo, hata mfupa ukawa jiwe pasipo kupoteza umbo lake.

Aliye maarufu kati yao aliitwa Brachiosaurus, na siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Jina lamfaa, kwa maana miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, na kwa shingo yake aliweza kula majani ya vilele vya miti. Mfupa wake mmoja wa mguu wa mbele, ule uunganao na bega, una urefu wa zaidi ya mita 2. Mtu mrefu akisimama kando yake hupitwa. Mwingine ni Kentrosaurus, aliyekuwa mdogo zaidi, kama mita 5 tangu pua hata ncha ya mkia. Huyu naye alikula majani, lakini mgongoni alikuwa na vibao vya mifupa, na nyuma hata mkiani miiba mirefu, iliyoweza kumkinga na adui.

Sasa tuangalie jinsi mifupa hiyo ilivyotokea nuruni. Katika mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Bernhard Sattler, alikuwa akitafuta madini katika nchi ile, akaona mfupa mkubwa ukitokeza juu ya ardhi. Habari ikafika Ulaya, na mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuthibitisha. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakatuma wataalamu, Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ikaendelea hata mwaka 1913.

Tukumbuke nchi ilikuwa katika hali gani. Vita ya Maji Maji, iliyoanza mwaka 1905, ilikuwa imekwisha tu. Mashamba yalichomwa, chakula kikatoweka, na njaa ikaua watu wengi sana huko kusini. Ndipo watu wakaja Tendaguru kutafuta kazi, wengine pamoja na wake zao na watoto wao, hata pakawa kama kijiji kikubwa. Mwaka wa kwanza wafanya kazi walikuwa zaidi ya 100, na baadaye walifika 500 hivi. Maji yalikuwa haba, hata ikabidi yachukuliwe toka mbali.

Kazi yenyewe haikuwa ya nguvu tu. Jembe na sululu vyafaa kuondoa udongo wa juu, lakini mtu akiufikia mfupa hana budi kwenda polepole, kwani jiwe lile huvunjika upesi, na kipande kikipotea hakipatikani tena. Wenyeji wengi walijifunza ustadi huo. Mkuu wao alikuwa Boheti bin Amrani, msimamizi aliyesifiwa kwa macho makali na mikono yenye uangalifu.

Kisha mifupa ilifungwa vizuri, kwa plasta na kwa mianzi, ikachukuliwa hata Lindi kwa mwendo wa siku kadhaa. Gari halikuwako. Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Lakini mizigo hii, ambayo jumla yake ilipita tani 200, ilibebwa zaidi na watu wa nchi ya Lindi na jirani zao, vichwani na mabegani. Huko ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Baadaye Waingereza nao walichimba Tendaguru, tangu mwaka 1924 hata 1931.

Huko Berlin mifupa ya yule mkubwa iliunganishwa, na mwaka 1937 akasimamishwa. Urefu wake kwenda juu wapata mita 13, nao watu wa mataifa yote huja kumtazama. Walipotoa majina, wataalamu walimpa huyu jina la brancai, kwa heshima ya Branca, mkubwa wa makumbusho. Na dinosaria mwingine mdogo wa Tendaguru akapewa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika vita ya 1914 hata 1918, ambaye hakuchimba hata mfupa mmoja. Jina la Boheti lilingoja karibu miaka 100. Mwaka 2007 ndipo mtaalamu Kristian Remes alipomwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii.

Wako Watanzania waliouliza kama haifai mifupa hiyo irudi kwao, na wengine wakajibu kwamba kuitunza ni kazi ya gharama kubwa. Shauri hilo ni zito, nalo lataka subira. Lakini liko jambo moja lisilohitaji meli wala fedha. Mwalimu afundishapo habari za wanyama hawa, na mzazi amwonyeshapo mtoto picha ya yule wa Berlin, na awaeleze pia habari za Boheti na wenziwe. Mnyama yule alilala chini kwa miaka milioni 150 bila kujulikana. Walioisafisha mifupa yake na kuibeba wasisahauliwe kwa miaka 100 tu.