Bantu: Istilahi ya Isimu Iliyogeuzwa Tusi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Kibantu ni istilahi ya kawaida ya isimu, nayo ilienezwa na Wilhelm Bleek, mwanaisimu wa Kijerumani ambaye katika sarufi linganishi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1862 alionyesha kwamba shina la neno lenye maana ya watu linajirudia katika lugha nyingi za kusini mwa Afrika. Nchini Afrika Kusini, hata hivyo, kumwita mtu Bantu ni kumdhalilisha, na chanzo chake si asili ya neno bali dola iliyolitwaa.

Chama cha National Party kilipoingia madarakani mwaka 1948 na kuanzisha apatheidi, yaani mfumo wa kuwatenga watu kisheria kwa rangi zao, kiliepuka kuwaita watu weusi Waafrika, jina ambalo katika lugha ya Makaburu lilikaribiana mno na Afrikaner, jina walilojiita wao. Ndipo Bantu likaingizwa katika sheria: Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953, iliyosimamiwa na waziri Hendrik Verwoerd, iliwapa watoto weusi elimu duni kwa makusudi, na sheria ya mwaka 1970 ikawafanya wazazi wao kuwa raia wa bantustani, maeneo ambayo wengi wao hawakuwahi hata kuishi. Kila mtu mweusi mwenye miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea na pasi, kitabu chenye picha yake na saini ya mwajiri, na asiyekuwa nacho alikamatwa. Hata sarufi ilivunjwa, kwani mtu mmoja aliitwa Bantu ilhali hilo ni neno la wingi, umoja wake katika Kizulu ukiwa umuntu. Ni sawa na ofisa kumnyooshea kidole mtu aliyesimama peke yake na kumwita watu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi waliokuwa pamoja na mwanaharakati Steve Biko walichagua kujiita Weusi, jina lililowajumuisha pia Wahindi na machotara, na uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa, kwa sababu aliyeonewa ndiye aliyejipa jina. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976, serikali ililiondoa neno Bantu katika jina la wizara yake mwaka 1978, lakini pasi zilibaki hadi 1986 na bantustani hadi 1994. Baadhi ya wanaisimu wa nchi hiyo sasa huandika Sintu, wengine lugha za Kiafrika.