Kumisi

Kwenye vilima vya kuelekea Mghange, Noah kuukuu haifichi ugonjwa. Injini inatetema, nguvu zinapungua, na abiria wa mbele anamwambia dereva, "Inamisi hii." Kumisi, kwa lugha ya gereji, ni silinda kukosa kuchoma mafuta zamu yake inapofika. Nalipenda neno hili kwa ufupi wake. Lakini linataja dalili tu, na wengi hulisikia kama hukumu: nunua koili.

Koili huzipandisha volti 12 za betri zikawa maelfu kwa maelfu, ili plagi irushe cheche. Mashine ya kupimia gari ikisoma kodi ya hitilafu P0352, inashuku saketi nzima ya koili ya pili, nyaya na soketi zikiwemo. Fundi makini hubadilisha nafasi za koili hiyo na ya silinda ya tatu, hufuta kodi, huendesha gari, kisha husoma tena. Ikija P0353, yaani hitilafu imehamia silinda ya tatu pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0352, akague soketi iliyolegea, waya uliochunika, pini zilizoota kutu ya kijani. Kufunga koili mpya hapo ni kumtoza mwenye gari bure, na taa ya injini itawaka tena.