Mnyoo wa Plastiki Uliotoka Akron

Mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulijengwa na matairi. Goodrich, Goodyear na Firestone zote zilikuwa na viwanda vyake hapo, na kijana aliyetafuta kazi alijua pa kupiga hodi. Mwaka 1926 mkemia wa Goodrich aitwaye Waldo Semon alikuwa akisaka gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Alichukua plastiki ngumu ya PVC, ambayo wakati ule haikuwa na soko, akaichemsha ndani ya kiyeyusho. Ilipopoa, akakuta mkononi kitu kinachonyumbuka, kinachovutika na kurudi umbo lake. Gundi hakuipata. Alichokipata kikaja kuwa ganda la nyaya za umeme, makoti ya mvua na mapazia ya bafuni, na baada ya miaka zaidi ya ishirini kikawa mnyoo.

Mnyoo huo ulizaliwa mwaka 1949 katika mji uleule, mikononi mwa Nick Creme na mkewe Cosma. Creme alikuwa fundi wa mitambo na mpenzi wa uvuvi wa ndoana. Alitaka chambo kisichokufa njiani wala kuoza, lakini kinachocheza majini kama kilicho hai. Yeye na mkewe walitengeneza kalibu kwa kunakili mnyoo halisi, wakachanganya vinili, mafuta na rangi, wakapasha moto na kumimina. Walianza kuuza kwa posta, minyoo mitano kwa dola moja, na oda zikawazidi nguvu. Karibu na mwaka 1960 kampuni yao ilipanua kazi hadi mji wa Tyler, jimbo la Texas, na huko ndiko historia ilikopinda kona.

Creme hakuwa wa kwanza: binadamu alianza zamani sana kumhadaa samaki. Mwandishi Aelian, aliyeishi Roma zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufi nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili vifanane na mdudu wa mtoni. Wavuvi wa visiwa vya Polinesia walichonga ganda la chaza wa lulu likang'aa majini kama dagaa, wakalikokota nyuma ya ngalawa kunasa jodari. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki nao wamerambaza kwa manyoya na nyuzi za rangi zilizofungwa juu ya ndoana, bila kipande cha nyama. Mwaka 1852 Julio Buel wa Marekani alipata hataza ya chambo cha chuma chenye umbo la kijiko. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoangusha kijiko chake cha chakula ziwani akamwona samaki akikirukia.

Aliyeifikisha kazi hiyo mbali zaidi kwa upande wa chambo kigumu ni Lauri Rapala wa Finland. Huyu hakuvua kwa starehe. Alivua katika Ziwa Päijänne ili familia ipate chakula, na kila siku alilazimika kutia chambo kwenye ndoana nyingi mno. Akiwa juu ya maji alitazama jinsi samaki wakubwa walivyolivamia kundi la wadogo, akagundua kwamba hawakumtaka yeyote tu. Walimchagua yule aliyejeruhiwa, anayeyumba kidogo ubavuni. Mwaka 1936 alichonga samaki mdogo kwa kisu, akamfunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha filamu za picha akampaka. Alipomvuta majini, samaki wake aliyumba vilevile kama yule mjeruhi. Mwaka 1962 jarida la Life lilichapisha habari zake katika toleo ambalo jaladani lilikuwa na picha ya Marilyn Monroe, aliyekuwa amefariki siku chache kabla. Toleo likanunuliwa mno, na barua za wanaotaka samaki wa Rapala zikamiminika. Vyambo hivyo vilifika hadi Afrika Mashariki, ambako wageni waliviburuta nyuma ya boti wakimtafuta sangara katika Ziwa Viktoria na chini ya maporomoko ya Murchison.

Chambo kigumu kina kasoro moja ambayo hakuna uchongaji unaoweza kuiondoa. Samaki akikiuma, papo hapo anatambua kwamba si chakula, na mvuvi ana nusu pumzi tu ya kumkaza kabla hajakitema. Wakati wa Creme mpira ulikuwa umetumika kwa zaidi ya nusu karne kutengenezea vyura na minyoo, lakini katika maji baridi ulikakamaa. Plastiki ya Akron ilibaki laini. Samaki aliiuma, akaikuta inabonyea mdomoni, akaitafuna. Muda huo wa ziada, hata ukiwa wa kuhesabu moja na mbili, ndio uliomfaidisha mvuvi.

Hata hivyo mnyoo wenyewe ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili haina hataza wala jina la mtu mmoja, nayo ni namna ya kuutia ndoana.

Minyoo ya kwanza ya Creme iliuzwa ikiwa imekwisha fungwa, na ndoana zaidi ya moja zikichungulia nje, pamoja na shanga na kipangaboi kidogo mbele. Katika maji ya wazi ilifaa. Lakini Texas ya wakati ule ilikuwa ikijenga mabwawa makubwa kwa kuzamisha misitu mizima, na samaki aina ya bass walikaa humo ndani ya matawi na visiki. Kila ndoana iliyochungulia ilinasa mti. Wavuvi wa huko wakaanza kuficha ncha ya ndoana ndani ya mwili wa mnyoo na kuweka mbele yake chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki, lililotobolewa katikati ili mshipi upite. Mtindo huo ukaitwa kwa jina la jimbo lao. Hakuna kampuni iliyoubuni. Ulitoka kwa watu waliochoka kukata mishipi, na kwa uvuvi una thamani kuliko rangi zote zilizowahi kuchapwa kwenye pakiti.

Jinsi unavyofungwa inafaa kuangaliwa kwa karibu. Mvuvi huanza kwa kulaza ndoana kando ya mnyoo na kuweka alama kwa ukucha pale mkunjo wa ndoana unapoangukia. Ncha inaingizwa puani, inakwenda kiasi cha unene wa kalamu, kisha inatokezwa chini. Ndoana inavutwa mpaka jicho lake lijifiche puani, inageuzwa, halafu ncha inachomwa palepale penye alama. Baada ya hapo mnyoo unainuliwa mbele ya macho. Ukiwa umenyooka kazi imekwisha. Ukiwa umejikunja au umevutika kupita kiasi, hata kidogo, unachomolewa na kutiwa upya, kwa sababu mnyoo uliopinda huzunguka majini, huusokota mshipi, na samaki mwenye akili huuacha upite.

Kutoka mabwawani, ufundi huu ulishuka na mito hadi baharini. Mlango wa mto, pale maji baridi yanapochanganyika na ya chumvi, una mambo yake. Maji yake mara nyingi ni ya tope. Chini kuna mafungu ya mchanga, mashamba ya chaza na nyasi, na kandoni mizizi ya mikoko. Zaidi ya yote, maji hayatulii: yanajaa na kupwa, kwa nguvu wakati wa bamvua na kwa upole wakati wa maji mafu. Maji yanapopwa, kamba na dagaa waliokuwa wametawanyika juu ya matope hulazimika kurudi kwenye mkondo, na samaki wakubwa hujipanga pembeni wakiwangoja kama abiria wanaojua basi litapita wapi. Chambo kinachofika hapo kikisafiri pamoja na maji, karibu na chini, kinafanana na kila kitu ambacho samaki huyo amekuwa akila tangu azaliwe.

Kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko, katika Galveston Bay na Laguna Madre, wavuvi walikata urefu wa mnyoo wakapata mkia mfupi uliofanana na kamba, wakautia kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Waliwatafuta redfish na seatrout, samaki wawili wanaopendwa mno huko. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Mister Twister ya Louisiana ilieneza mkia uliojikunja kama mundu, ambao hupepea wenyewe mara tu chambo kinaposogea, hata mvuvi akiwa mgeni kabisa wa kazi. Mwaka 1981 Texas ilipiga marufuku kuuza redfish na seatrout waliovuliwa katika maji yake. Tangu hapo samaki hao wakawa wa ndoana kwanza, na soko la vyambo likapata sababu nyingine ya kukua.

Ng'ambo ya Atlantiki, wavuvi wa Cornwall nchini Uingereza walikuwa na njia yao. Kwa miaka mingi walikata vipande vya mpira wa bomba kuigiza mkunga mdogo wa mchangani. Katika mji wa Mevagissey Alex Ingram akaunda Red Gill, mkunga wa plastiki laini mwenye mkia mwembamba unaotetemeka hata katika mkondo wa polepole.

Vyambo hivi ni vyepesi, na zamani uzito mdogo haukuweza kurushwa mbali. Rili zenye kigurudumu kisichozunguka, zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ziliruhusu gramu chache tu kusafiri mbali. Mshipi wa nailoni ulisaidia. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaja mishipi iliyosukwa kwa nyuzi za polithini: myembamba, yenye nguvu, na isiyovutika. Kwa mshipi wa namna hiyo mvuvi huhisi kwenye kidole chake chambo kinapogusa mchanga, kinapopita juu ya ganda la chaza, na kinapoguswa na mdomo. Bila mabadiliko haya ya vifaa, mnyoo wa Akron ungebaki mabwawani.

Nchi iliyoyapokea yote haya kwa moyo mkunjufu ni Australia. Pwani yake ya mashariki ina milango ya mito mingi, na ndani yake kuna bream, samaki mwoga na mwenye macho makali, pamoja na flathead, anayejizika mchangani hadi kubaki macho tu. Kwa vizazi viwili vitatu watu walivua wote wawili kwa kamba wabichi na vipande vya samaki. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyambo laini vilikuwa vimevamia maduka yote. Steve Starling na Kaj Busch, wavuvi wanaojulikana sana kwa maandishi na filamu zao, walibuni mkusanyiko wa vyambo uitwao Squidgies kwa ajili ya maji hayo. Uchaguzi wa uzito ukawa elimu. Kwenye maji mafu ya kina kifupi gramu mbili hutosha. Maji ya bamvua yakishika kasi katika mkondo mkuu, huhitajika mara tano ya hiyo, la sivyo chambo hakigusi chini kabisa. Mvuvi hukiacha kizame, hukidundisha mara mbili, hukiacha kizame tena. Flathead hukipiga wakati kinashuka, na anayesahau kukaza mshipi wakati huo hamjui hata aliyemkosa.

Flathead wakubwa kabisa ni majike wenye mayai mengi, na sheria za Queensland zinataka warudishwe majini. Kwa samaki anayekusudiwa kurudishwa, chambo laini kina faida ya kweli, kwani mara nyingi ndoana humshika mdomoni. Chambo cha nyama humezwa hadi tumboni. Katika mikoko hiyohiyo anaishi pia samaki aitwaye kisayansi Lutjanus argentimaculatus, mwekundu, mwenye meno makali na hamu kubwa ya kukimbilia mizizini akishanasa. Mikoko ya Kenya na Tanzania inamjua vizuri, kwa kuwa anapatikana kote kuanzia Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Ndoana iliyofichwa kwa mtindo wa Texas ndiyo inayofaa kupenya kwenye makazi yake.

Plastiki hii ina tabia ambayo wavuvi waliijua kwa hasara. Mafuta yanayoilainisha hayakai mahali pamoja. Katika miaka ya mwanzo watu waliiacha minyoo ndani ya visanduku vya plastiki ngumu, na msimu uliofuata wakakuta sanduku limeyeyuka na minyoo imegandamana nalo, hadi watengenezaji wakalazimika kuunda visanduku vinavyostahimili. Mafuta hayohayo huingia majini. Mnyoo unaochanika na kutupwa haupotei. Hulala chini miaka mingi, huvimba, na mwingine humezwa na samaki. Kwa miaka mingi ni wavuvi wachache waliolitazama hilo kuwa tatizo. Mwaka 2013 bunge la jimbo la Maine liliwekewa mswada wa kupiga marufuku vyambo vya namna hii. Haukupita kama ulivyoletwa, na idara ya uvuvi ya jimbo ikaagizwa kulichunguza jambo hilo.

Viwanda vimejaribu kujibu. Berkley, kampuni ya Spirit Lake katika jimbo la Iowa, ilitoa Gulp, chambo kisicho cha PVC, kinachotunzwa ndani ya maji yenye harufu na kinachooza kikipotelea majini. Kinafaa sana kwenye maji ya tope, ambako pua ya samaki hufanya kazi kuliko macho. Shida yake ni kwamba kikisahaulika juani kwenye ndoana hukauka na kuwa kigumu, hata kukitoa kunahitaji kisu. Wengine wametumia plastiki nyororo ya aina tofauti, imara kiasi kwamba chambo kimoja huvua samaki wengi bila kuchanika. Lakini ikigusana na PVC ndani ya mfuko mmoja, zote mbili huyeyuka na kuwa uji. Kwa sababu hiyo, mvuvi anayetumia aina zote mbili hubeba mifuko miwili, na vilivyochanika huvirudisha nyumbani badala ya kuviachia maji yanayopwa.