Makosa 20 Ndani ya Mistari 126

Wacha niwaambie kilichonipata mwaka wa tatu campo. Nilikuwa nimejenga programu ya kulipia chakula kantini, nikaikesha wiki mbili. Siku ya kuionyesha, mhadhiri akaweka malipo ya hasi 500. Salio la mwanafunzi likapanda kutoka 200 hadi 700. Darasa likaangua kicheko. Yaani nimetengeneza kantini inayokulipa ukila!

Kicheko si shida. Kilichoniuma ni kwamba miaka mitatu tulifundishwa kuandika programu tu. Kuzijaribu ilikuwa mada ya wiki ya mwisho, ile wiki kila mtu yuko mbio na mitihani. Na mtihani wenyewe tulifanya kwa kalamu. Kwa karatasi, bana. Karatasi haikatai chochote.

Halafu nikaanza kusoma historia, nikapata hii kitu ilijulikana kitambo. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, 1949. Kompyuta yao, EDSAC, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei. Kufikia Juni, mkubwa wa mradi, Maurice Wilkes, alikuwa anahangaika na programu yake ya kwanza nzito. Mashine ilikuwa orofa ya juu, vifaa vya kutoboa utepe wa karatasi orofa ya chini. Kosa moja, unashuka ngazi, unatoboa upya, unapanda. Baadaye aliandika kwamba ni hapo kwenye ngazi alipong'amua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake itaishia kutafuta makosa yake mwenyewe.

Utepe mmoja wa programu hiyo ulihifadhiwa, na miaka mingi baadaye mwanahistoria akaukagua. Mistari 126. Makosa kama 20. Na huyu ndiye aliyeongoza ujenzi wa hiyo mashine, wasee!

Sasa ona walichofanya. Hawakuambiana wawe makini zaidi. David Wheeler na wenzake walijenga maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, tepe zikapangwa kabatini. Ukihitaji kimoja unakinakili kwa utepe wako badala ya kuandika upya na kukosea upya. Stanley Gill naye akatunga programu za kufuatilia programu nyingine hatua kwa hatua, ili uone ilipopotelea. Mwaka wa 1951 hao watatu wakatoa kitabu cha kufundishia kazi hii, na 1953 Cambridge ikaanzisha diploma ya mwaka mmoja ya kompyuta. Kutafuta makosa kulikuwa kazi yenyewe, tangu mwezi wa pili wa mashine. Kwani sisi tulikuja kuisukuma wiki ya mwisho lini?

Juzi nimefungua tena ile programu ya kantini. Safari hii nimeanza kwa kuandika majaribio: malipo ya hasi, sifuri, herufi mahali pa namba, watu wawili kulipa kwa wakati mmoja. Yako 11. Manne yamefeli.