Mzigo wa Mwenzio: Mwanamume, Mwanamke na Daftari la Serikali katika Historia ya Ituri

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Methali hii inafaa kuwekwa mwanzoni mwa mjadala wowote unaohusu swali la kama maisha ni mepesi zaidi kwa mwanamume au kwa mwanamke, kwa kuwa kila upande huuona mzigo wa upande wa pili kuwa ni sufi. Katika Shari, ambayo pamoja na Mbunya na Nyakasanza ni mojawapo ya komini tatu za mji wa Bunia, mifano haikosekani. Mwanamume hutaja mgodi, pikipiki ya kubebea abiria na bunduki. Mwanamke hutaja jembe, maji, kuni, uzazi na meza ya sokoni.

Makala hii haikusudii kumtangaza mshindi. Inakusudia kuonyesha kwamba katika Ituri swali hili haliwezi kujibiwa vema bila kwanza kuuliza swali jingine: ni mzigo wa nani ulioandikwa? Kwa muda mrefu serikali iliuandika mzigo kwa jina la mwanamume, na sehemu kubwa ya mzigo huohuo ikabebwa na mwanamke ambaye jina lake halikuwamo daftarini. Kuandikwa kulimletea mwanamume mateso na malipo. Kutoandikwa kulimnyima mwanamke malipo bila ya kumwondolea mateso.

Dhahabu na chakula

Shari ni jina la mto vilevile. Nguvu ya maji yake ilitumika huko Budana kuzalisha umeme wa migodi ya dhahabu ya Kilo. Dhahabu iligunduliwa katika sehemu hizo mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya Kilo-Moto, ambayo baada ya uhuru ilifuatwa na shirika la taifa.

Aliyeandikishwa mgodini alikuwa mwanamume. Aliondolewa kwao kupitia kwa chifu, mara nyingi pasipo hiari yake. Alifanya kazi chini ya tishio la fimbo, na akitoroka alitafutwa. Aidha, katika miaka ya mwanzo wanaume wengi walifanywa wapagazi, nao walitembea siku nyingi wakiwa na mizigo vichwani kabla ya barabara za magari kufunguliwa. Mateso hayo hayafai kupunguzwa hata kidogo kwa sababu ya hoja itakayofuata.

Hata hivyo, wachimbaji walihitaji kula, na chakula chao kilitoka vijijini. Mwanamume alipokwenda mgodini au njiani, shamba halikwenda naye. Kazi aliyokuwa akiifanya yeye, yaani kufyeka, kukata miti na kujenga, iliongezwa juu ya kazi ya mke wake ya kupanda, kupalilia, kuvuna, kutwanga na kulea. Mchimbaji alipata ujira, ingawa ulikuwa mdogo. Mkewe hakuwa na ujira, wala hakuwa na siku ya kumaliza mkataba, kwa kuwa hakuwa na mkataba.

Herufi tatu

Lugha ya utawala wa Kibelgiji inalidhihirisha jambo hili waziwazi. Katika taarifa za maofisa, nguvu ya kazi ya kijiji au ya uchifu ilipimwa kwa herufi tatu za Kifaransa, H.A.V., maana yake wanaume wazima wenye afya. Hesabu ya kodi, ya wafanyakazi walioweza kuchukuliwa na ya mashamba ya lazima ilitegemea idadi hiyo. Mwanamke alionekana katika hesabu ya watu, lakini hakuonekana katika hesabu ya kazi.

Mwaka 1917 serikali iliweka sheria ya kilimo cha lazima, ambayo iliwadai wanakijiji hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zilifanywa 120. Aliyedaiwa kisheria alikuwa mwanamume, na ndiye aliyetozwa faini au kufungwa shamba lisipokamilika. Lakini shamba la pamba au la mihogo halikujali jina lililoandikwa daftarini. Lilipaliliwa na wale waliokuwapo, na waliokuwapo walikuwa hasa wanawake na watoto.

Hapa Kiswahili chenyewe kinamtaka mtafiti awe mwangalifu. Ngeli ya M-/WA- haibainishi jinsia. Mkulima, mpagazi, mchuuzi na mfanyakazi anaweza kuwa mume au mke. Sifa hii hupendeza, kwa kuwa haimtangulizi yeyote. Lakini inaweza pia kuficha. Mzee anaposimulia kwamba "wakulima walilimishwa siku mia na ishirini", msikilizaji hana budi kuuliza ni nani hasa aliyeshika jembe siku hizo. Kifaransa cha ofisi kilimfuta mwanamke kwa kumtaja mwanamume peke yake. Kiswahili humtaja mtu, kisha humwachia msikilizaji kazi ya kuuliza.

Mwanamke alipoandikwa

Si kweli kwamba mwanamke hakuandikwa kabisa. Kodi ya mwaka 1910 ilimtoza mwanamume kichwa chake, na tena nyongeza kwa kila mke baada ya yule wa kwanza. Hivyo mke aliingia katika hesabu kama sababu ya kumtoza mumewe. Baadaye, katika miji, serikali ilianzisha kodi ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao, pasipo mume. Mwanamke huyo alitozwa kwa jina lake mwenyewe, lakini alitozwa kwa kile alichokikosa. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Usumbura, mji ambao sasa unaitwa Bujumbura, waliipinga kodi hiyo hadharani. Waliona kwamba inawatia katika kundi moja na makahaba, ilhali wengi wao walikuwa wajane au waliopewa talaka.

Uhuru haukuifuta desturi hii mara moja. Katika uchaguzi wa Mei 1960 waliopiga kura walikuwa wanaume tu. Wanawake walipata haki hiyo kwa katiba ya mwaka 1967. Katika elimu hali ilikuwa hivyo hivyo: Sophie Kanza, anayetajwa kuwa Mkongomani wa kwanza wa kike kuhitimu chuo kikuu, alimaliza Lovanium mwaka 1964, akawa waziri mwaka 1966.

Kisha ikaja Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Sheria hiyo ilimtaja mume kuwa mkuu wa nyumba, ikamtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mapatano yanayomfunga kisheria. Mwanamke aliyeweza kuendesha biashara, kulipa karo za watoto na kumlisha mume asiyelipwa mshahara, hakuweza kutia sahihi mkataba kwa uwezo wake mwenyewe. Sharti hilo la idhini liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ni miaka 29 kati ya sheria hizo mbili, nayo ndiyo miaka ambayo biashara ndogo za wanawake zilikuwa tegemeo la nyumba nyingi za Bunia.

Vita na hesabu yake

Mtu anaweza kusema kwamba vita vilivyoanza mwaka 1999 viliigeuza mizani. Hoja hiyo ina uzito. Katika vita, kijana wa kiume mara nyingi alihesabiwa kuwa askari hata kabla ya kushika bunduki, na hesabu hiyo ilitosha kumwua. Kuandikwa, ambako kulimpa babu yake ujira wa mgodi, kulimpa mjukuu kaburi.

Lakini hata hapa kilichoandikwa hakikuwa chote kilichotendeka. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia Thomas Lubanga hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mashahidi walieleza pia yale waliyotendewa wasichana kambini, ila mashtaka hayakuyataja, na Jaji Elizabeth Odio Benito akaandika maoni yake tofauti kuhusu suala hilo. Upokonyaji wa silaha ulipoanza katika Ituri mwaka 2004, bunduki ndiyo iliyokuwa tiketi ya kupokelewa. Msichana aliyepika, aliyebeba mizigo na aliyefanywa mke kwa nguvu, mara nyingi hakuwa na bunduki ya kukabidhi.

Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilimtia Bosco Ntaganda hatiani, na safari hii ubakaji na utumwa wa kingono dhidi ya wasichana waliokuwa katika jeshi lake mwenyewe vilihesabiwa. Hukumu hiyo ilitambua vilevile kwamba miongoni mwa waliobakwa kulikuwa na wanaume. Jambo hili la mwisho linaonyesha kwamba mwanamume naye ana mzigo usioandikwa. Yeye huandikwa kama mwenye nguvu. Siku nguvu hiyo inapovunjwa, huwa hakuna safu ya daftari ya kuliwekea jambo lake, na aibu humfunga kinywa.

Hitimisho

Basi, maisha ni mepesi kwa nani? Ushahidi wa Ituri haumruhusu mwanahistoria kusema kwamba mwanamume alistarehe. Alipigwa, alifungwa, aliuawa. Unamruhusu kusema jambo dogo zaidi lakini la hakika zaidi: taabu ya mwanamume ilikuwa na jina, idadi na siku ya mwisho, na kwa hiyo aliweza kuidai fidia. Taabu ya mwanamke ilikosa vitu hivyo vitatu, na kilichokosa jina hakidaiwi.

Jambo hili si la kale peke yake. Mapigano yaliyozuka upya mwishoni mwa mwaka 2017 yalizileta tena familia nyingi Bunia na kandokando yake. Mjane anapodai shamba alilolilima miaka ishirini, huulizwa karatasi, na karatasi hiyo ina jina la marehemu. Anaweza kupoteza kilicho chake kwa sababu ileile iliyomweka mama wa bibi yake nje ya hesabu ya siku 60. Wanafunzi wanaokwenda vijijini au katika mitaa ya Shari kukusanya masimulizi wana kazi ya kufanya. Kila wanaposikia "mkulima", "mchuuzi" au "mkimbizi", waulize ni nani, kisha waandike jibu. Kanda la mwenzio hudhaniwa kuwa ni la sufi maadamu hakuna aliyelipima.