Kombe la FA la Vijana, 1952-53

Kombe la FA la Vijana, mashindano ya muondoano ya chipukizi wa klabu za Uingereza, liling'oa nanga msimu wa 1952-53. Manchester United, klabu ya kocha Matt Busby, iliinyuka Nantwich 23-0. Katika fainali ya mikondo miwili, Mei 1953, iliilaza Wolverhampton Wanderers 7-1 ugani Old Trafford, kisha ikatoka sare 2-2 ugenini. Ililihifadhi kombe hilo hadi 1957, mara tano mfululizo.

Wanne waliosakata fainali hiyo, Duncan Edwards, aliyekuwa na umri wa miaka 16, Eddie Colman, Liam Whelan na David Pegg, waliangamia kutokana na ajali ya ndege mjini Munich, Februari 1958.